Mji Uliotundikwa Ukutani

Miongoni mwa bidhaa zinazouzwa katika maduka ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, baina ya vinyago, viungo na picha za tingatinga, imo moja ambayo ukiifikiri utaiona ni ya ajabu kidogo: mji wenyewe. Mji huo huuzwa ukiwa umechapwa juu ya karatasi iliyopakwa rangi ya chai ili ionekane ya kale, nao umetazamwa kutoka juu kana kwamba mchoraji alikuwa ndege. Rasi ya Shangani imechomoza baharini, Ngome Kongwe na Beit el Ajaib zimesimama mbele, majahazi yamejipanga bandarini, na mapaa yamesongamana nyuma yake mpaka pale karatasi inapokoma. Mgeni huinunua, akaikunja, akenda kuitundika sebuleni kwake. Wala si mgeni peke yake. Picha kama hizo zimo pia katika nyumba za watu wetu waliohamia Maskati, Dubai, London na Toronto, zimetiwa fremu na kioo na kuwekwa mahali pa heshima, pengine karibu na aya ya Kurani na picha ya marehemu babu.

Suala ninalotaka tulitafakari ni hili: je, mji ambao watu huzaliwa, huishi na kuzikwa ndani yake, wafaa kuwa pambo? Na anayeutazama mji kutoka juu, anauona au anaukosa?

Atakuwapo msomaji atakayesema kwamba hapa pana makuu ya bure. Pambo ni pambo, na ukuta mtupu haupendezi. Lakini sisi watu wa mwambao ndio wa mwisho wa kusema hivyo. Mlango wa nakshi ni pambo, na tangu zamani umetangaza cheo cha aliye ndani kabla hajafungua kinywa. Kanga ni pambo, na hakuna asiyejua kwamba kanga husema, tena mara nyengine husema yale ambayo mvaaji asingethubutu kuyatamka. Kwetu sisi pambo halijapata kuwa bubu. Basi picha ya mji iliyotundikwa ukutani nayo ina kauli yake, na ni haki yetu kuuliza inasema nini, na inasema kwa niaba ya nani.

Kwanza tujue ilikotoka. Mwaka 1500 Jacopo de' Barbari alitoa picha kubwa ya mji wa Venice, iliyochapwa kwa mbao sita za kuchonga, ikiuonesha mji mzima kutoka angani. Wakati huo hakuna mwanadamu aliyewahi kuruka. Puto la ndugu Montgolfier lilikuwa bado miaka 283. Kwa hiyo jicho lile la juu halikuwa la mtu yeyote. Lilikuwa jicho la kudhania, na watu walilipenda upesi, kwa sababu lilimpa mnunuzi kitu ambacho mfalme mwenyewe hakuwa nacho: kuushika mji wote kwa mtazamo mmoja.

Mapenzi hayo yalifika kwetu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1572, huko Cologne, Georg Braun na mchongaji Franz Hogenberg walianza kutoa kitabu chao kikubwa cha miji ya dunia, ambacho kiliendelea hata mwaka 1617 kikatimia juzuu sita na picha za miji zaidi ya mia tano. Katika juzuu ya kwanza, ukurasa mmoja umekusanya miji minne ya bahari yetu: Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Ukurasa huo hadi leo huchapwa upya na kuuzwa kuwa pambo la ukutani. Ni mzuri, sikatai. Majumba yamesimama, bahari imetulia, kila kitu kimekaa mahali pake.

Lakini tuzihesabu tarehe. Kilwa ilivamiwa na kuporwa na kikosi cha Francisco de Almeida mwezi wa Julai mwaka 1505. Mwezi uliofuata Mombasa ikaporwa na kutiwa moto. Picha ilipochapwa, yalikuwa yamepita miaka 67 tangu msiba ule. Khabari za sura ya miji hiyo zilifika Ulaya kwa njia ya wale wale waliokwenda kwa mizinga, lakini katika picha hamna moshi, hamna maiti, wala hamna mtu anayekimbia na mwanawe mgongoni. Aliyekaa juu sana haoni moto. Akiuona, ataudhania ni taa.

Tena kuna jambo moja la kuzingatia. Braun alieleza katika dibaji yake kwamba zile sura za watu zilizochorwa mbele ya miji zilikuwa na faida zaidi ya urembo: Waturuki, ambao dini yao haikuwaruhusu kutazama michoro ya watu, wasingeweza kukitumia kitabu kile kwa mambo ya vita. Iwapo hoja hiyo ilikuwa na mantiki au haikuwa nayo, hilo si letu leo. Letu ni kwamba mwenye kitabu alijua tangu mwanzo kuwa picha ya mji kutoka juu si pambo tupu. Alijua kwamba aionaye anaweza kuutaka mji, na autakaye anaweza kuuendea.

Je, basi tuhukumu kwamba kutazama kutoka juu ni dhambi yenyewe kwa yenyewe? Hapana, hukumu ya haraka haina insafu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, huko Marekani, ilizuka kazi ya kuchora miji midogo kwa mtazamo wa ndege, na mafundi wake mashuhuri walikuwa kina Albert Ruger na Thaddeus Fowler. Mafundi hawa walifanyaje? Walitembea. Waliingia mtaa baada ya mtaa, wakachora nyumba moja moja zikiwa mbele ya macho yao, kisha wakakaa wakaziunganisha kwa akili kana kwamba wamezitazama kutoka mawinguni. Wanunuzi wao walikuwa wenyeji wenyewe, na kila mmoja alitaka kuiona nyumba yake. Hapo mtazamo wa ndege ulikuwa matunda ya nyayo. Juu palifikiwa kwa kupitia chini.

Aidha, hata hiyo "juu" yenyewe ni jambo la kuamua. Mwaka 1154 Sharif al-Idrisi alimkamilishia mfalme Roger wa Sicily ramani ya dunia ambayo, kwa desturi ya wanajiografia wengi wa Kiislamu, kusini kumewekwa juu. Katika ramani ile Ulaya iko chini, na nchi ya Zanji iko juu. Kumbe ramani zote husema kweli kwa kiasi, na zote husema kutoka upande fulani. Kosa, kama lipo, haliwi katika urefu wa jicho. Tulitafute pengine.

Turudi Unguja. Mtazamo wa ndege, tunasema; lakini ndege gani? Anayeruka juu ya mapaa ya Mji Mkongwe asubuhi na jioni si tai wala si njiwa wa mashairi. Ni kunguru wa Kihindi, aliyeletwa kisiwani mwanzoni mwa miaka ya 1890, katika siku za mwanzo za himaya ya Kiingereza, ili asaidie kuondoa taka. Badala yake akala mayai na makinda ya ndege wa asili, akazaana hata akawa balaa. Na katika miaka hiyo hiyo, yaani mwaka 1892, ikachorwa ile ramani ya mji iliyopimwa na Imam Sharif, mpima ardhi kutoka India, ambayo wanahistoria wa mji huu huitegemea mpaka leo. Sikusudii kumfananisha mpima huyo na kunguru; kazi yake ilikuwa ya uhodari, na bila ya hiyo tusingejua mengi. Nasema tu kwamba zama ziliwaleta wote wawili, na kila mmoja aliletwa kwa sababu mji ulikuwa sasa unatazamwa na dola iliyotaka kuuweka sawa.

Dola inapotazama kutoka juu, haitazami ili ifurahi. Hutazama ili igawe. Mfano ulio karibu ni jina la Ng'ambo. Mji wetu uliota pande mbili za mkono wa bahari, mmoja ukaitwa mji, wa pili ukaitwa Ng'ambo. Lakini ng'ambo ya wapi, na kwa nani? Aliyezaliwa Kikwajuni, Mwembetanga au Miembeni, akiamka asubuhi, hayuko ng'ambo, yuko kwao. Ng'ambo kwake ni Shangani. Jina limemtazama kutoka dirisha la mtu mwengine, naye amelirithi. Mwaka 1923 H. V. Lanchester, mpangaji miji wa Kiingereza, alitoa mpango wake wa Zanzibar; katika karne hiyo mkono wa bahari ukafukiwa kidogo kidogo, hata Darajani pakabaki jina bila ya daraja. Maji yameondoka, mpaka umebaki. Chukua hizi ramani za mapambo na za watalii zinazouzwa sasa: nyingi huishia kwenye Barabara ya Benjamin Mkapa, na hapo mchoraji aliyekwishachora kila uchochoro wa Kiponda na Sokomuhogo huishiwa wino ghafla. Upande wa pili huwekwa michikichi, au dira, au kisanduku cha maelezo.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika nafasi ile ya kisanduku cha maelezo ndimo alimoishi Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyeiingiza sauti ya Kiswahili katika sahani za santuri mwaka 1928. Ndimo walimoishi wale ambao, mwaka huo huo, waligoma kuwalipa wenye ardhi kodi ya viwanja vilivyojengwa vibanda vyao. Anayeikata Ng'ambo katika picha ili picha ipendeze, hajapunguza nyumba tu. Amepunguza taarabu na amepunguza ujasiri.

Wala tusijidanganye kwamba jicho hilo ni la mkoloni peke yake. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, mipango ya miji ilichorwa mwaka 1968 kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na yakajengwa majumba marefu ya Michenzani ambayo watu wameyazoea kwa jina la treni. Yatazame kutoka angani: ni mistari miwili iliyonyooka inayokatana kwenye mzunguko wa barabara, sura safi isiyokosewa hata kidogo. Nia ilikuwa kumpa mnyonge nyumba ya kisasa, na nia hiyo ni ya kuheshimiwa. Lakini mistari iliyonyooka hivyo ilipita juu ya nyumba za watu, na baraza ya chini, penye kahawa na bao, haikupandishwa ghorofani. Uzuri unaoonekana vizuri kutoka juu tu una deni kwa walioko chini, awe aliyeupanga ni mgeni au ni ndugu.

Liko tena jambo la sitara. Nyumba ya Kiswahili imejengwa kwa elimu ya kuficha: daka, ukumbi, kisha ua wa ndani ambao jirani haoni. Njia za Mji Mkongwe hupinda ili jicho lisipenye moja kwa moja. Kutazama ndani ya ua wa mtu bila ya idhini ni utovu wa adabu, na hili halihitaji sheria. Historia yetu inatukumbusha nguvu ya jicho lililopanda dari. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886 kwamba dari ya nyumba yake ilikuwa juu ya ile ya jirani yake Mjerumani, na kutoka pale aliyaona maisha ya upande wa pili. Mtazamo ule ulimaliza kwa mapenzi, na mapenzi yakamaliza kwa safari ya mwaka 1866 iliyomtenga na kwao. Basi tusiseme kutazama ni jambo dogo.

Siku hizi jicho la juu si la kudhania tena. Tangu mwaka 2016 visiwa vyetu vimepigwa picha na ndege zisizo na rubani, katika kazi iliyofanywa na Kamisheni ya Ardhi pamoja na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Manufaa yake ni dhahiri: mji unaokua haraka lazima ujue maji ya mvua yatapita wapi na njia itachongwa wapi. Hata hivyo, ua ambao bibi zetu waliukingia kuta za mawe sasa hauna paa mbele ya jicho hilo. Faida ya wote ni hoja nzito. Nayo sitara ni hoja. Mwenye dhamana ya picha hizo hana budi azibebe zote mbili, wala asiitupe ya pili kwa kuwa ya kwanza ina wafadhili.

Sasa nifike kwa wapenzi wa ushairi, maana najua watanikabili. Watasema: na shairi je? Shairi nalo hupunguza. Mshairi akiisifu Zanzibar hatii ndani ya vina vyake mitaro yote na madeni yote. Huchagua, hukata, hupima mizani. Kama ramani ya pambo ina kosa kwa kuacha, basi kila beti lina kosa.

Hoja hii ni nzuri, na jawabu lake ndilo linalotuonesha kosa liliko. Mshairi wetu anapoacha, tunajua ni nani aliyeacha. Shairi lina nafsi. Husema "nimeona", "nalia", "nakuombeni", na kwa desturi ya waliotangulia, beti za tamati humtaja mtungaji, na pengine kijiji chake na mwaka wake. Ukiona amekosea, una wa kumjibu, na malumbano ya washairi ndiyo maisha ya ushairi. Ramani ya jicho la ndege huficha nafsi. Haisemi "hivi ndivyo nilivyoona mimi, niliyesimama pahala fulani, kwa haja fulani." Husema: "hivi ndivyo mji ulivyo." Anayesema hivyo hana wa kumjibu, kwa kuwa amejiweka mahali ambapo hapana mtu. Hapo ndipo penye kosa. Ramani nayo ina haki ya kuacha kama lilivyo na haki hiyo shairi. Isichokuwa nacho ni haki ya kujidai kwamba hakuna aliyeacha.

Na pambo huzidisha kosa hilo kwa njia yake. Ramani ya mpima ardhi, hata ikiwa ya dhulma, ilikuwa na kazi, na penye kazi pana ubishi: mtu aliweza kusema mpaka wangu si hapa. Ikishageuzwa pambo, ubishi hufa. Hakuna anayeugombania mpaka uliotiwa kioo. Mji hubaki umekamilika, haukui, hauchakai, hauombi kitu. Tarehe 25 Disemba mwaka 2020 sehemu kubwa ya Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lilikwisha kulia kwa miaka. Katika picha za ukutani, siku ile na siku iliyofuata, lilisimama bila ya ufa. Nani ajuaye ni wangapi kati yetu tuliolipenda jumba lile tulilitazama zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye nguzo zake? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mji wa kwenye fremu ni mwepesi vivyo hivyo: hauna mtu anayelala chini ya boriti iliyooza.

Je, basi aliyeko Maskati au Toronto aishushe picha yake? Sithubutu kusema hivyo. Yuko mtu ambaye karatasi ile ndiyo kiwanja chake pekee kilichobaki. Nyumba iliuzwa, au ilichukuliwa, au imekuwa hoteli, na mwanawe aliyezaliwa ugenini akiuliza "kwetu wapi?" baba hunyanyua kidole akagusa kioo. Kidole kile ndicho tofauti. Kinapoiacha bandari kikafuata njia, kikapinda Hurumzi, kikasimama na kusema hapa ndipo alipokaa bibi yako, hapa palikuwa na kisima, huyu jirani alitulea, basi ndege ametua na mtu ameanza kutembea. Picha imepata nafsi. Imekuwa shahada ya mtu juu ya kwao, na shahada inaweza kusahihishwa na shahidi mwengine.

Kwa hiyo kipimo ninachokipendekeza ni chepesi, nacho kinamhusu mgeni na mwenyeji sawasawa. Usiulize kama picha ni ya kweli, wala kama ni ya kale. Uliza kama waweza kutembea ndani yake. Ukiweza kutaja japo paa moja na aliyekaa chini yake, picha ni amana mkononi mwako. Usipoweza hata moja, umenunua mji kama mtu anunuavyo ngozi ya chui: mnyama hayumo.

Na kwa kuwa asiyejua anaweza kujifunza, kipimo hiki hakimfungii mtu mlango. Mwaka 2019 ilitoka atlasi ya Ng'ambo, kazi ya idara ya mipango miji ya Zanzibar pamoja na taasisi ya African Architecture Matters, ambamo mitaa iliyokuwa ikikatwa na fremu imepata ramani zake, majina yake na historia yake. Huo ni mwanzo mwema wa ofisi na wasomi. Mwanzo wa kila mmoja wetu ni mdogo zaidi. Migongo ya picha zetu ni mitupu. Wazee wanaojua nani alikaa wapi Mkunazini, Malindi, Vikokotoni na Gulioni wangali baadhi yao pamoja nasi, na kila mwaka tunawasindikiza wawili watatu makaburini. Kalamu haina gharama. Ishushe picha, mkalishe mzee, muulize, uandike nyuma majina na jina la aliyekwambia. Kisha uitundike tena. Mbele itabaki kuwa kama alivyoona ndege, na nyuma itakuwa kama walivyoishi watu.